Jina Lililokosekana kwenye Orodha: kisa cha homa ya uti wa mgongo katika shule ya bweni Nairobi

Kisa hiki kilitokea katika shule ya upili ya wasichana mashariki mwa Nairobi, katikati ya Julai, muhula wa pili. Nimeondoa jina la shule, mwaka na hospitali zilizohusika, na umri wa wagonjwa nimeubadilisha kidogo. Wasichana watatu nawaita A, B na C. Wakati huo nilikuwa afisa wa ufuatiliaji wa magonjwa katika kaunti ndogo, na orodha ninayoizungumzia hapa niliiandika kwa mkono wangu mwenyewe.

Hali ilivyokuwa

Shule ilikuwa na wanafunzi 640, karibu wote wa bweni. Bweni la A lilijengewa wasichana 40 lakini lililaza 58. Mwongozo wa usalama shuleni uliotolewa na Wizara ya Elimu mwaka 2008 unataka mita 1.2 kati ya kitanda na kitanda. Nilipopima kwa kamba ya fundi, nafasi nyingi hazikufika nusu mita. Julai Nairobi ni baridi, kwa hiyo madirisha yalifungwa usiku kucha, na pale kioo kilipovunjika wasichana walikuwa wameziba kwa katoni. Asubuhi ukiingia, hewa ya usiku wa watu 58 ilikuwa bado imesimama mle ndani.

Hayo ndiyo mazingira ambayo bakteria wa homa hii, meningokokasi, anayapenda. Anaishi kooni. Kati ya asilimia 1 na 10 ya watu humbeba bila kuugua kabisa, na humpitisha kwa matone ya mate na kamasi kwa wale wanaokaa nao karibu na kwa muda mrefu: wanaolala chumba kimoja, wanaobusiana, wanaochangia kikombe. Kutoka kuambukizwa hadi kuugua ni siku 2 hadi 10, mara nyingi 4. Asipotibiwa, mgonjwa mmoja kati ya wawili anaweza kufa. Hata anayetibiwa anaweza kufariki ndani ya siku moja au mbili tangu dalili ya kwanza.

Nairobi haimo katika ule ukanda wa homa ya uti wa mgongo unaoanzia Senegal hadi Ethiopia, na wahudumu wengi wa rika langu hawajawahi kuona mlipuko. Lakini mji huu una historia yake. Mwaka 1989 Nairobi ilipata wagonjwa wapatao 3,800 wa kundi A la bakteria hawa (herufi za makundi hazihusiani na zile nilizowapa wasichana), na mitaa ya mabanda ndiyo iliyoumia zaidi. Tangu 2010 chanjo ya kundi A imelifyeka kundi hilo katika nchi za ukanda, lakini makundi mengine, hasa C, W na X, yameendelea kuzusha milipuko. Watoto wa Kenya wamekuwa wakichanjwa dhidi ya bakteria wengine wawili wanaoleta ugonjwa huu: Hib tangu 2001 na nimokokasi tangu 2011. Ya meningokokasi haikuwa kwenye kadi zao. Hakuna hata mmoja wa wasichana 640 aliyekuwa na kinga ya chanjo hiyo.

Jumapili na Jumatatu

A alianza kuumwa kichwa Jumapili baada ya ibada. Muuguzi wa shule alimkuta na homa. Kwa kuwa A alikuwa ametoka magharibi mwa nchi wakati wa mapumziko ya katikati ya muhula, alimpa dawa ya malaria na ya kutuliza maumivu. Vipimo vya haraka vya malaria vilikuwa vimekwisha. Simlaumu muuguzi huyo, na nitaeleza sababu baadaye. Usiku A alitapika mara mbili. Saa kumi na moja alfajiri matroni alimkuta akiongea maneno yasiyoeleweka, shingo imekakamaa. Alipelekwa hospitali kwa gari la shule.

Hospitali walimtoa majimaji ya uti wa mgongo kabla ya saa moja asubuhi. Yalitakiwa yawe maangavu kama maji ya bomba. Yalitoka kama maji ya kuoshea mchele. Tabibu aliyempokea aligundua pia madoa madogo ya zambarau kwenye nyayo zake. Mikononi na usoni hayakuonekana, kwa sababu kwenye ngozi nyeusi madoa hayo hufichika. Lazima uangalie nyayo, viganja, na ndani ya kope la chini. Alianzishiwa seftriaksoni, sindano ya kuua bakteria, mara moja. Alifariki saa sita mchana.

Saa nane na nusu mhudumu wa maabara alinipigia simu: ameona bakteria wawili wawili kwenye darubini. Hakusubiri ripoti iandikwe wala fomu ya wiki ijazwe. Ugonjwa huu umo katika orodha ya magonjwa ya kuarifiwa chini ya Sheria ya Afya ya Umma, Sura ya 242, lakini sheria haikimbizi habari. Mtu ndiye hukimbiza. Saa kumi jioni tulikuwa shuleni, watu wanne.

Uamuzi wa kwanza: nani apewe dawa

Dawa ya kinga hufaa zaidi ikitolewa ndani ya saa 24 tangu mgonjwa wa kwanza ajulikane. Baada ya siku 14 haina maana. Tuliamua kutumia siprofloksasini, kidonge kimoja cha miligramu 500, kwa sababu dozi ni moja, unaimeza mbele ya muuguzi na kazi imekwisha. Rifampisini tuliiacha. Inataka siku mbili, dozi nne, na Kenya inaihitaji ibaki na nguvu kwa wagonjwa wa kifua kikuu.

Mwalimu mkuu alitaka shule nzima ipewe. Niliwaza sana juu ya ombi lake, kwa sababu lilitoka kwa mtu aliyekuwa ametoka kumpigia simu mama wa marehemu. Nilikataa. Kumpa dawa kila mtu hufagia kooni hata bakteria wasio na madhara ambao husaidia kinga, huzoesha bakteria wengine dawa, na hufanya watu 640 wajione salama wakati si kweli. Dawa ni ya waliokaribiana na mgonjwa. Kukaa darasa moja peke yake hakutoshi.

Kwa hiyo nikaomba daftari la bweni. Matroni akaniletea majina 58, mistari mizuri, kila jina na nambari ya kitanda. Nikamtoa A, nikaongeza matroni mwenyewe, muuguzi, na viranja wawili waliombeba A garini. Jumla 61. Kila msichana aliingia peke yake kwenye ofisi ya ushauri, akaulizwa maswali yaleyale matatu na muuguzi wetu, likiwemo swali la ujauzito. Anayeweza kuwa mjamzito hupewa sindano ya seftriaksoni badala ya kidonge. Tulihakikisha kuna wengine wanaopata sindano kwa sababu nyingine, ili sindano isimtangaze mtu. Saa mbili na dakika arobaini usiku tulikuwa tumemaliza, na nikarudi nyumbani nikiamini tumefanya kazi safi.

Uamuzi wa pili: shule isifungwe

Hili lilibishaniwa hadi usiku wa manane. Wazazi walikuwa wamesikia, na bodi ya shule ilitaka wasichana waondoke asubuhi. Nilieleza hivi. Kuna wasichana hapa ambao huenda tayari wameambukizwa na hawajui. Ukiwafungulia geti kesho, kufikia kesho kutwa watakuwa Kisumu, Machakos, Lodwar na Mombasa, wametawanyika kwa mabasi ya usiku, na homa itakapowashika watakuwa mahali ambapo hakuna anayeitafuta. Hapa tunawaona wote mara mbili kwa siku. Nyumbani nani atageuza kope la mtoto kuangalia madoa?

Tulikubaliana shule ibaki wazi kwa masharti. Madirisha yafunguliwe mchana na theluthi moja yabaki wazi usiku, na kila msichana apate blanketi la ziada, maana huwezi kufungua dirisha mwezi wa Julai bila kutoa blanketi. Shughuli za shule nzima ukumbini zisimame. Kila bweni likaguliwe asubuhi na jioni. Gari na dereva walale shuleni. Na muuguzi awe na seftriaksoni mkononi: mwenye homa pamoja na shingo ngumu, madoa au kuchanganyikiwa achomwe sindano palepale, kisha apelekwe. Mzazi aliyesisitiza kumchukua mwanawe aliruhusiwa baada ya kusikia dalili zote kwa mdomo wetu na kuandikiwa nambari ya simu yangu. Wasichana tisa waliondoka hivyo. Wote niliwapigia kila siku kwa siku kumi.

Neno "uti"

Jumanne shule ilituma ujumbe mfupi kwa wazazi. Aliyeuandika alitaka uingie kwenye ujumbe mmoja wa simu, akafupisha: "Kuna kisa cha homa ya uti shuleni. Hali imedhibitiwa."

Mkenya ukimwambia "UTI" anawaza mkojo. Ndivyo tunavyozoea kusikia kliniki, herufi tatu za Kiingereza zikisomwa kama neno la Kiswahili. Kufikia jioni makundi ya WhatsApp ya wazazi yalikuwa yanasema wasichana wanakufa kwa ugonjwa wa mkojo kwa sababu ya vyoo vichafu. Wengine walisema maneno mabaya zaidi kuhusu tabia ya watoto, maneno ambayo siyarudii hapa. Jumatano asubuhi kulikuwa na wazazi zaidi ya mia moja getini. Mama mmoja alinishika mkono akaniambia, "Daktari, mwanangu ana miaka kumi na mitano, nani amempa huo ugonjwa?" Nilihitaji dakika kadhaa kuelewa swali lake.

Tulituma ujumbe mpya wenye sehemu tatu, na hatukuufupisha. Tulisema ni ugonjwa wa utando unaofunika ubongo na uti wa mgongo, kwamba huenezwa kwa mate na pumzi ya karibu na hauhusiani na mkojo wala vyoo, kisha tukaorodhesha dalili. Nilisimama getini hadi saa saba mchana nikirudia hayohayo. Wengi waliondoka bila watoto wao. Hata hivyo nusu siku nzima ya mtu mmoja kati ya wanne ilipotea kwa herufi tatu.

B, kisha C

B alikuwa wa bweni la A, na kidonge alikimeza Jumatatu usiku mbele yetu. Jumanne saa nne usiku aliamka na homa kali na shingo ikimuuma. Alipigwa sindano ya kwanza ndani ya dakika ishirini. Walimu waliuliza kama dawa ilikuwa bandia. Haikuwa bandia. Kidonge husafisha koo, lakini yule ambaye bakteria wameshaingia damuni hahitaji kinga, anahitaji matibabu. Hili nililijua, lakini sikuwaambia wasichana Jumatatu, na baadhi yao walikuwa wameanza kuficha maumivu ya kichwa wakidhani kidonge kimemaliza kila kitu.

Jumamosi asubuhi C aliumwa. Alikuwa wa bweni lililo upande wa pili wa uwanja, kidato tofauti, dini tofauti, meza tofauti ya chakula. Kwenye daftari hakuna uzi wowote uliomuunganisha na A. Kilichomwokoa ni kiranja wa bweni lake. C hakulalamika kichwa; alisema tu miguu inamuuma sana. Hilo halikuwa kwenye karatasi yetu, lakini kiranja aliliandika pembeni kwa penseli. Muuguzi alipomgusa, mwili ulikuwa moto na vidole baridi kama vya mtu aliyekuwa akifua. Maumivu ya miguu na mikono baridi hutangulia shingo ngumu kwa saa kadhaa pale bakteria wanapokuwa damuni. Alimgeuza kope la chini: madoa matatu, kila moja kama ncha ya kalamu. Sindano ikaingia kabla ya saa mbili asubuhi.

Jibu la jinsi alivyoambukizwa lilikuja jikoni. Msichana mmoja alikuwa akipokea uji, akamsogelea muuguzi wetu akauliza kwa sauti ya chini, "Nesi, na kama mtu alikuwa analala mahali si kwake?"

C aliibiwa blanketi mwanzoni mwa Julai. Aliogopa kumwambia matroni kwa sababu angelipishwa. A alikuwa rafiki yake tangu shule ya msingi, na kwa karibu wiki mbili C alikuwa akivuka uwanja baada ya taa kuzimwa, analala kwenye kitanda cha A cha dekka ya chini, na kurudi kabla ya kengele ya alfajiri. Bweni zima la A lilijua. Hakuna aliyetuambia, kwa sababu katika shule ile kukutwa kwenye kitanda cha mwenzako ni kosa la kurudishwa nyumbani wiki mbili, na mwenye kosa hilo hubeba jina baya hadi kidato cha nne. Tuliwauliza mbele ya mlango ambao mwalimu wa zamu alikuwa amesimama nje yake. Na hata hatukuwauliza hasa. Tulisoma majina, wakaitika.

Orodha ya pili

Nilikwenda kwa mwalimu mkuu nikamwomba kitu kigumu kuliko dawa: msamaha wa wazi. Alinyamaza kwa muda. Kisha alitoka akawaita wasichana kwa mabweni yao, uwanjani, akasema: "Hakuna atakayeadhibiwa kwa kulala kitanda cha mwenzake. Ni baridi, najua. Mwambieni nesi kila kitu, na mimi sitaona hayo majina." Aliposema hivyo matroni aliyekuwa kando yake alilia.

Tuliuliza upya, safari hii maktaba, mtu mmoja mmoja, bila mwalimu hata kwenye korido. Swali la kwanza lilikuwa: usiku wa wiki iliyopita ulilala wapi na karibu na nani? La pili: nani mlichangia kikombe, chupa ya maji, mswaki au kijiko? Mpaka jioni tulikuwa na majina 46 ambayo daftari halikuyajua, mbali na bweni lote la C. Saba kati yao walikuwa wanachangia vitanda. Wengine ni wanakwaya waliokuwa wakipokezana chupa moja ya maji ya tangawizi kila mazoezi, A akiwa kiongozi wa sauti ya kwanza. Wote walipata dawa usiku huohuo.

Chanjo

Wagonjwa wawili waliothibitishwa ndani ya wiki moja katika taasisi iliyofungwa wanatosha kuomba chanjo, kwa mwongozo wa Shirika la Afya Duniani. Lakini chanjo ipi? Jibu la maabara ya rufaa lilifika Ijumaa: kundi W. Chanjo ya kundi A pekee isingefaa kitu, kwa hiyo tuliomba ya makundi manne, A, C, W na Y. Jumanne ya wiki ya pili tuliwachanja wanafunzi na wafanyakazi wote wanaoishi shuleni. Kinga huchukua siku 7 hadi 10 kujengeka, kwa hiyo ukaguzi wa asubuhi na jioni uliendelea.

Sampuli ya B iliwekwa kwenye friji na mtu wa zamu ya usiku aliyedhani anaitunza. Bakteria hawa hufa kwa baridi. Majimaji ya uti wa mgongo hukaa kwenye joto la kawaida la chumba. Kipimo cha vinasaba kilitupa kundi, lakini hatukuweza kupima kama dawa zetu zinamuua bakteria huyo mpaka tulipopata sampuli ya C.

Matokeo

Walithibitishwa watatu. A alifariki. C alipona kabisa. B alipona, ila sikio la kushoto halisikii. Baada ya C hakukuwa na mgonjwa mwingine, shuleni wala kati ya wale tisa waliochukuliwa. Tuliacha ukaguzi siku ya 20 baada ya C, yaani mara mbili ya muda mrefu zaidi wa ugonjwa kujificha.

Ninavyokichambua

Nasisitiza kwamba kutofunga shule ndiko kulikomwokoa C. Angekuwa kwao Jumamosi ile, maumivu ya miguu yangepakwa dawa ya misuli. Lakini uamuzi huo ulikuwa na maana kwa sababu ya ukaguzi, gari na sindano. Shule inayobaki wazi bila vitu hivyo ni heri ifungwe.

Kuhusu muuguzi wa shule, alikuwa na wasichana 640, hana vipimo vya malaria, na dalili za siku ya kwanza za magonjwa haya mawili zinafanana. Kosa lake, kama ni kosa, ni kutomwangalia A tena kati ya saa mbili usiku na alfajiri. Na hakukuwa na mtu wa kumpokea zamu.

Kosa lililo langu ni orodha ya kwanza. Niliamini daftari kwa sababu lilikuwa nadhifu na muda ulikuwa mfupi. Daftari la bweni linaeleza mahali shule inapotaka mtoto alale. Ugonjwa unafuata mahali alipolala. Kama ningeuliza Jumatatu swali nililouliza Jumamosi, mahali palepale pasipo mwalimu, C angemeza kidonge siku mbili baada ya usiku wake wa mwisho kwenye kitanda cha A. Siwezi kudai kingemzuia kuugua. Angalau angekuwa kwenye orodha ya wanaoangaliwa kwa karibu, si kwenye penseli ya kiranja.

Na kuna B. Ugonjwa huu huacha uziwi, kwa hiyo mgonjwa anapaswa kupimwa masikio mapema, ikiwezekana kabla ya kutoka hospitali na si zaidi ya wiki nne baadaye. B alitoka hospitali na barua ya kurudi kliniki, bila neno moja kuhusu masikio, nami sikuuliza. Mwalimu wake wa Hisabati ndiye aliyegundua, wiki ya sita, kwamba akiitwa kutoka upande wa kushoto hageuki. Sasa anakaa dawati la mbele, mwisho wa kushoto, ili darasa zima liwe upande wa sikio lililobaki.